Jicho la Kurithi

Kwetu, mtoto akizaliwa, akina mama wazee huita majina ya waliokufa mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo ndilo la aliyerudi. Binti yangu alipiga chafya kwa jina la nyanya mmoja wa ukoo wa mume wangu, aliyeishi na jicho moja. Nyumba nzima ikafurahi.

Ndiyo maana jicho lake la kushoto lilipoanza kung'aa jeupe kila mwanga wa dirisha ulipompiga, mama mkwe hakushtuka. Alisema sasa hakuna shaka, ni nyanya. Mimi ni mtu wa hasira. Nikamwambia nyanya arudi na miguu akitaka, lakini jicho la mtoto wangu aliache. Akaninunia. Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni, mume wangu akafuata, tukaenda hospitali.

Daktari alimmulika mtoto, kisha akamuuliza mume wangu alipataje jicho la bandia. Akajibu alivyoambiwa nyumbani: alidungwa na tawi la mchai akiwa mchanga. Daktari akatuketisha, akatueleza polepole. Mwilini kuna jeni inayozuia chembe za jicho kuzaana ovyo, na kila mtu hupewa nakala mbili, ya baba na ya mama. Nakala aliyopewa binti yetu na baba yake ilikuwa na hitilafu tangu mwanzo, na hiyo ndiyo iliyomtoa baba jicho, si tawi. Ndani ya jicho la binti yetu, ile yangu nayo ilikuwa imeharibika, na saratani ikaanza.

"Kwa hivyo ni mimi nilimpa," mume wangu akasema.

Daktari alisema hakuna mzazi anayechagua cha kurithisha. Siku hiyo nilitaka sana mtu wa kugombana naye, na sikumpata. Nilimhurumia mume wangu mpaka nikamchukia kidogo.

Jicho la kushoto lilitolewa. La kulia lilikuwa na uvimbe mdogo, likatibiwa kwa dawa zilizommaliza nywele, tukaambiwa tutumaini, tukatumaini. Alipokuwa na miaka mitatu uvimbe ukarudi, na siku ya kulitoa ikapangwa.

Jioni ya mwisho baba yake alimpeleka shambani, akamwonyesha ng'ombe, majani chai, mawingu upande wa Londiani. Mtoto akachoka na hayo yote, akamtazama usoni, akagusa lile jicho la bandia.

"Baba, wewe walikuachia moja," akasema. "Na mimi?"

 Mume wangu akambeba mabegani ili aone mbali zaidi.