Mbweha Ambaye Baba Alimtetea

Baba aliondoka kijijini kwetu Nkololo nikiwa darasa la tatu. Aliswaga ng'ombe wote, akamwambia mama anawapeleka Katavi kwenye malisho na kwamba mvua zikirudi naye atarudi. Alirudi mwaka jana. Mama alikuwa ameshafariki, mimi ni afisa kilimo hapa Bariadi mjini, nina binti wa miaka minane. Baba alisimama mlangoni kwangu na begi moja. Nikamwamkia, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, nikampa chumba cha nyuma.

Alikuwa mpole mno, na upole ule ndio ulionitia shaka. Alifua mashati yake mwenyewe. Alikula chochote alichopewa. Ila mara kwa mara aliuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, "Lile shamba la mama yako, siku hizi analima nani?" Nilimjibu kwa kifupi, nikabaki kumwangalia usoni.

Jumamosi moja nilitoka sokoni nikamkuta sebuleni na binti yangu, wanaangalia katuni. Ilikuwa ya mbweha mwenye sikio moja aliyewaacha watoto wake wakati wa kiangazi, akajiunga na kundi la mbweha wenye nguvu, kisha akarudi mwishoni na mnofu aliouiba kwa kundi hilo. Binti alikuwa ameshaiona mara nyingi, na kila mara alikwama palepale.

"Babu, huyu ni adui au steringi?"

"Steringi," baba akasema bila kufikiri.

"Lakini steringi haibi. Na aliwakimbia watoto."

"Hakuwakimbia. Kwao chakula kilikwisha. Angebaki wangekufa wote."

Nilikuwa natoa nyanya kwenye mfuko. Nikasema, "Angewaaga basi."

Baba hakugeuka. "Ungemwambia nini mtoto wa miaka tisa?"

Katuni haikusema popote wale watoto wa mbweha wana miaka mingapi. Mwenye miaka tisa nilikuwa mimi.

Binti alitutazama kwa zamu, akarudisha nyuma kipande cha mwisho, akakiangalia tena. "Mimi naona ni adui aliyechoka," akasema. Baba akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza kama mzee huyu anamfundisha mwanangu kumsamehe kabla mimi sijaamua.

Wiki iliyofuata mjomba, kaka yake mama, alinipigia simu ofisini. "Baba yako yuko shambani na mwenyekiti wa kitongoji. Wanapima kwa hatua. Ulijua?"

Sikujua. Asubuhi aliniaga kwamba anakwenda kumsalimia mgonjwa. Nilichukua pikipiki mpaka Nkololo, na njia nzima nilipanga maneno ya kumfukuza.

Niliwakuta kwenye mstari wa mikonge, baba amevua viatu, jirani wa shamba amesimama pembeni na jembe lake.

"Mwadila," mwenyekiti akanisalimu. Niliitikia kwa shida, nikamgeukia baba. "Unagawa nini hapa?"

"Sigawi. Mpaka umesogezwa. Mikonge ya zamani niliipanda mimi, najua ilipokuwa."

Jirani akainamisha kichwa. "Mzee anasema kweli. Tulilima tukapitiliza."

Nilimwomba mwenyekiti karatasi aliyokuwa anaandika. Nikaisoma mara mbili nikitafuta jina la baba, nikalikuta chini kabisa, kwenye mashahidi. Mwenye shamba nimeandikwa mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Ni kweli, ningemkataza. Lakini niliwaza pia kwamba huenda mama naye, kama angewahi kumuuliza kwa nini hakumwambia kwamba harudi, angepewa jibu hilohilo.

Alivaa viatu polepole. Halafu, akitazama ile ardhi iliyorudi, akasema, "Niazime kipande hiki nipande choroko."

Nilijua mwishoni lazima angeomba kitu. Ndivyo nilivyojiambia, ingawa alichoomba kilikuwa kijisehemu tu. Nikamwambia mwenyekiti aongeze mstari: kwa msimu mmoja. Baba alisaini bila kusoma.

Karatasi sikuipeleka nyumbani, ambako baba angeweza kuifikia. Nilipita kwa mjomba nikamwachia aitunze, baba akanisubiri nje, na wala hakuuliza nimeingia kufanya nini.