Siku Tuliyofunga Pikapu ya Pili

Ipo siku moja pale Segese, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mate yananikauka mpaka leo. Nilikuwa kijana, mpiga gitaa la solo katika bendi ya Mzee Nkwabi. Gitaa letu lilikuwa na pikapu moja tu, ile sumaku ndogo inayokaa chini ya nyuzi na kuikamata sauti. Ilikuwa kule nyuma, mbali na shingo ya gitaa, kwa hiyo sauti ilitoka kali, ya kuchoma masikio. Watu walitutania kwamba tungefaa kufukuza ndege kwenye mpunga.

Mzee alikuwa na gitaa lake la ujanani, lililovunjika. Akaamua pikapu yake ing'olewe, ifungwe kwenye langu, karibu na shingo, tupate na sauti nene. Kazi akampa Shija, fundi redio wa Kahama. Shija alichonga mbao kwa patasi taratibu, akalehemu nyaya na swichi ya kuchagua pikapu, akatuletea gitaa mwenyewe siku ya mashindano.

Unajua mashindano yetu Wasukuma yalivyo. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, yakitazamana, na watu wanahamia wanakovutiwa. Nikaweka swichi katikati ili pikapu zote mbili zifanye kazi pamoja. Sauti ikatoka nyembamba, imefifia, mbaya kuliko ya zamani. Nikapiga kwa nguvu zaidi, wapi. Watu wakaanza kuvuka kwenda upande wa pili.

Hapo shabiki wetu mmoja, kijana wa machimboni, akasema Shija ameiuza pikapu ya Mzee na kutufungia ya bandia. Kufumba na kufumbua Shija alikuwa amekabwa shati, fimbo za kuchungia ng'ombe ziko juu, na mtu ameshaulizia petroli ya jenereta. Sitanii. Wote wakanigeukia mimi mwenye gitaa, nithibitishe. Niliogopa sana, mwanangu, na kuitikia tu ndiyo kulikuwa rahisi.

Mzee Nkwabi hakupaza sauti. Alisogea mpaka mbele yangu.

"Ng'wana wane, mwanangu, aliyekuwa anapiga ni wewe. Waambie ulichosikia. Unachodhani kaa nacho."

"Nimesikia sauti nyembamba," nikasema. "Wizi sijausikia."

Akaniambia nijaribu pikapu moja moja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ya zamani ikatoka kali kama kawaida. Nikasukuma swichi kwenye ile ya pili. Ikatoka nene, tamu, na Mzee akafumba macho. Ilikuwa sauti aliyoipiga miaka yote kabla gitaa lake halijavunjika.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Mwacheni."

Wakamwachia. Shija, shati limechanika, akafungua gitaa, akahamisha nyaya mbili za pikapu ile, hii hapa, ile kule. Alikuwa ameziunganisha kinyume, basi kila pikapu ikawa inaila sauti ya mwenzake. Kosa la kazi, la kurekebishwa hapo hapo. Mashindano tulishindwa, watu walikuwa wamekwisha kuhama. Lakini Shija alirudi Kahama kwa baiskeli yake, mzima.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinionyesha picha ya yule dereva wa bodaboda mnayesema ni mwizi, na kidole chako kilikuwa tayari kuisambaza. Nikakuuliza umemwona akiiba, ukasema kila mtu anajua. Na sisi Segese kila mtu alijua. Ukiulizwa, sema ulichoona kwa macho yako, na kama hukuona, sema hukuona, hata fimbo zikiwa juu. Hiyo simu ilipokufa mwezi uliopita, aliyekufufulia ni binti yake Shija. Amezaliwa miaka mingi baada ya siku ile.

Mungu akutunze, mwanangu. Na siku watu watakapokugeukia wewe, akupe neno la kweli na kifua cha kulisema.