Shangazi Zipora na Waya Mnene

Msinisimulie habari za wanaume wenye moyo. Mimi nilimwona shangazi yangu Zipora amesimama juu ya kigoda, bisibisi mkononi, akiung'oa waya wa umeme ukutani kwake huku mzungu mwenye mtambo akimfokea mlangoni. Hakugeuza hata shingo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya Hitla, kwetu Mamba, milimani juu ya Same. Umeme ulikuwa wa mtu mmoja tu, mwenye shamba tuliyemwita Bwana Kofia. Maji ya mfereji, yaliyoshuka kutoka kwenye bwawa letu la ndiva, ndiyo yaliyozungusha mtambo wake, na mtambo ukampa taa nyumbani na mashine ya kusaga. Ili mfereji umfikie, ilibidi upite shambani kwa shangazi. Wakapatana mbele ya wazee: maji yapite, na shangazi apate umeme. Bwana Kofia akamvutia, kutoka kwenye nguzo yake ya karibu, waya mwembamba wa taa mbili, basi.

Shangazi alikuwa mjane, na tangawizi yake ilikuwa haimwangushi. Akaagiza Tanga mashine ndogo ya kusaga, ya mota. Siku tulipoiwasha, taa zilififia, waya ukapata moto ukutani, na boriti ikaanza kufuka moshi. Tukazima mbio mbio. Kwa waya ule, mashine ingebaki pambo au ingetuchomea nyumba.

Akaenda kuomba waya mnene. Bwana Kofia akacheka. Mashine ya kusaga ya pekee huku kwetu ilikuwa yake, sasa ampe mwanamke umeme wa kumnyang'anya wateja?

"Badilisha mwenyewe," akamwambia. "Ila mtambo wangu sizimi hata dakika moja."

Mnausikia ukatili huo? Swichi ya kuukata umeme ilikuwa kwake, imefungiwa kwa kufuli. Kuushika waya wenye umeme ni kujichimbia kaburi, na alilijua hilo vizuri. Watu wakamshauri shangazi aiuze mashine.

"Thubutu!" akasema.

Akashuka Same kwa Sefu, fundi umeme wa kituo cha reli. Sefu hakuthubutu kupanda huku juu, angefukuzwa kazi, lakini kufundisha alifundisha. Alimfungisha na kumfungulisha nyaya ubaoni mpaka akaridhika. Shangazi akarudi na waya wa shaba mnene kama kidole, swichi kuu yenye fyuzi ndani ya sanduku la chuma, na onyo alilolirudia hadi likanichosha: usiguse kitu kabla umeme haujazimwa, na ukishazimwa, pima mwenyewe, usimwamini mtu. Kisha akapigilia chuma kirefu kando ya mfereji, pale ambapo udongo haukauki, cha kuungwa kwa waya na lile sanduku, ili umeme ukikorofika ukimbilie ardhini, usimkimbilie mtu.

Lakini auzime vipi? Kwetu maji ya mfereji ni ya zamu, na zamu haichezewi. Miaka yote siku yake ilipofika, shangazi alichota kidogo tu na kuyaacha mengine yaende kwa Bwana Kofia, kwa hisani yake. Asubuhi ya zamu yake akaenda kwa Mzee Tumainieli, msimamizi wa maji.

"Shikamoo, mzee. Leo zamu yangu naichukua yote."

"Marahaba. Ni yako, mama. Nani wa kukuzuia?"

Tukauziba mfereji kwa vigogo vya migomba na udongo, karibu kabisa na mlango wa nyumba, maji yote yakamwagikia tangawizi. Kule chini mtambo ukakohoa, ukanyamaza. Shangazi akanikabidhi jembe.

"Lea, kaa hapa. Mtu akiyarudisha maji nami nimeshika waya, utanizika. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Niliogopa, ila hasira ilizidi woga.

Akaupima waya kwa taa, haikuwaka. Akapima tena. Akapanda ngazi nguzoni, akaufungua ule mwembamba na kuufunga mnene, kisha akaingia ndani. Hapo ndipo Bwana Kofia alipotokea, mwekundu kama pilipili, na nyapara wake Danieli nyuma.

"Nani amezima mtambo wangu?"

"Hakuna aliyeugusa, Bwana. Namwagilia tangawizi," shangazi akasema kutoka ndani, bila kugeuka.

"Danieli! Fungua maji!"

Danieli akanijia. Nilikuwa nimekaa juu ya vigogo, tope hadi kiunoni, jembe mapajani.

"Sogea, dada."

"Njoo unisogeze!"

Wanawake waliokuwa wakienda kusaga wakatua mahindi yao, mmoja mmoja, wakaja kukaa nami topeni. Danieli akatutazama. Shamba la mama yake lilinywa mfereji uleule.

"Ni zamu yake, Bwana," akasema, akarudi nyuma.

"Nakwenda bomani!"

"Nenda," shangazi akajibu kutoka kigodani. "Waambie nimemwagilia shamba langu."

Wala hakuharakisha. Alikaza kila skrubu, akauvuta kila waya kuona kama umeshika, akafunga mfuniko wa sanduku. Ndipo alipopaza sauti: "Lea, fungua!"

Tukabomoa. Maji yakashuka, mtambo ukaanza kuvuma. Shangazi akasimama juu ya ubao mkavu, viatu vya mpira miguuni, akaipandisha swichi kwa mkono mmoja. Mashine ikanguruma. Taa hazikufifia. Nikaushika ukuta pale waya ulipopita, ukuta ulikuwa baridi. Jamani, nililia!

"Na nikikukatia umeme kesho?" Bwana Kofia akauliza. Bomani alikuwa hajaenda.

"Kata. Na mfereji usipite kwangu tena."

Bwana Kofia akatazama lile sanduku la chuma ukutani, akaitazama mashine.

"Nani amekufanyia kazi hii?"

"Si ulisema nibadilishe mwenyewe?" shangazi akamjibu. "Nimebadilisha." Akawageukia wanawake wenye tope. "Haya, nani anatangulia?"