Mashu ya Mama Kanyere juu ya mawe

Mashu ya Mama Kanyere, zile kabichi zake, yalianza kuungua pembeni, jani baada ya jani, na Papa Viateur alikuwa amesema atapita Jumapili baada ya misa.

Papa Viateur ndiye mwenye parseli, kile kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yangu. Alimruhusu Kanyere alime hapo kwa sharti moja: pakiwa kijani, aendelee, pakikauka, yeye analeta mafundi wajenge. Parseli yenyewe ni mawe matupu ya volkano. Udongo wote uliopo Kanyere aliubeba mgongoni, mfuko kwa mfuko, kutoka Kanyaruchinya, kambi ya wakimbizi alikoishi ilipofungwa. Goti lake la kushoto halijapona tangu hapo.

"Huu udongo siwezi kuubeba tena," aliniambia.

Ili usivujie kwenye nyufa za mawe, alitandika kwanza bashi, lile turubai lililokuwa paa lake kambini, ndipo akaumwaga juu yake. Sote tulimsifu.

Kisha ushirika ukawapa wanawake wa mtaa mbolea ya maji: samadi iliyovundikwa pamoja na mwani, majani ya baharini yaliyosagwa. Kikombe kimoja kwa ndoo. Ilinuka vibaya, kama sambaza, vile visamaki vya ziwani. Emerance, jirani aliyepewa mbolea ileile, alimtania kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mama Kanyere, unapanda mashu ao sambaza?"

"Sambaza, mama. Lete bukari!" alijibu Kanyere, akiitisha ugali wa kuzila.

Hiyo ilikuwa mwanzoni. Baadaye mashu ya Emerance yalifunga vichwa vizito, ya Kanyere yakawa kama yamepitiwa na moto, na mzaha ukakoma.

Jumatatu nilimkuta Kanyere amepiga magoti, kidole kimezama kwenye udongo. Juu palikuwa na ukoko mweupe. Chini palikuwa matope.

"Ya Emerance iko juu ya mawe tu," alisema polepole. "Maji inapita. Yangu inaingia, haitoke. Chumvi ya bahari inabakia humu kama ndani ya sahani."

"Basi toboa bashi."

"Nikitoboa, udongo utaenda na maji."

Aliingia ndani, akatoka na chuma chembamba, akakishika muda mrefu bila kukitumia. Kisha akakisukuma chini, hapa na pale, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Tukamwagilia maji ya mvua kutoka kwenye pipa, ndoo kwa ndoo. Tulisikia maji yakishuka kati ya mawe. Yalitokea chini ya ukuta yakiwa meusi kwa udongo.

Wiki ile sikulala vizuri, ingawa shamba halikuwa langu.

Jumapili Papa Viateur alifika na koti lake la misa. Akainama.

"Mama, hii ndiyo kijani?"

Kanyere alitenga majani yaliyoungua. Katikati palikuwa na jani jipya, dogo, ukingo wake mzima.

"Ni kadogo sana," alisema mzee.

"Ni kadogo, papa. Lakini haikuungua."

Mzee alitazama mawe, akatazama jani, akajipangusa magoti.

"Nitarudia mwisho wa mwezi. Mafundi hawakimbie."

Alipoondoka, Kanyere alipima kitalu kwa mkono. Kilikuwa kimeshuka kiganja kizima, na mizizi mingine ilikuwa wazi. Alikaa kidogo, akilisugua goti. Kisha akakung'uta mfuko mtupu, akaukunja kwapani, akashika njia ya Kanyaruchinya.