Vibao Viwili Mbele ya Nyumba Moja

Mama yangu hakuwa mtu wa siasa. Redio ikianza habari za uchaguzi, wa nchi yoyote ile, aliinuka kwenda kutazama chungu, hata kama jikoni hakuna kilichotelekwa. Kwa hiyo mwaka ule alipoanza kuniuliza habari za jimbo la Pennsylvania, nilijua ana lake jambo.

Mdogo wangu wa kike aliishi huko na mumewe, kijana wa kwetu Zanzibar mwenye lori lake la mizigo. Mimi na Mama tulikaa Walthamstow, huku kwa Waingereza, karibu na soko. Kila Jumapili mdogo wangu alipiga simu, nami nikaiweka juu ya meza ya jikoni na kuifungua sauti, ili Mama azungumze huku mikono yake iko kazini. Jumapili ile alikuwa anachuja tui.

"Mama, uraia tumeshapata, na kura tumejiandikisha," mdogo wangu alisema. "Tunaanza na kura za maoni. Huku ukijiandikisha unaulizwa chama chako, unakitaja."

Mama akaacha kukamua. "Nani anayekuuliza?"

"Serikali."

"Na wewe ukataja?"

"Nimetaja. Na mume wangu kataja chake. Kila mtu na chama chake." Akacheka. "Jimbo zima limegawika nusu kwa nusu, basi na sisi humu ndani vivyo hivyo."

Upande wetu hakucheka mtu. Mama aliosha mikono, akaenda zake chumbani, tui nikalimaliza mimi.

Kabla ya kuolewa na baba yetu, Mama alikuwa na mume mwingine. Hiyo ilikuwa Unguja, kabla ya mapinduzi, zile tunazoziita zama za siasa, wanawake ndio kwanza wameruhusiwa kupiga kura. Watu walikuwa hawazikani kwa ajili ya chama. Hawanunui duka moja, hawaitikiani salamu. Mama alikuwa bibi harusi wa juzi tu. Akakipigia kura chama cha baba yake, si cha mumewe, na kwa kuwa hajui kusema uongo, mumewe alipomuuliza akamwambia. Kesho yake nguo zake zilifungwa ndani ya shuka, akarejeshwa kwao, na talaka ikamfuata. Hakuiba, hakutukana, hakutoka nje ya ndoa. Haya nilihadithiwa na mama yangu mdogo, si na yeye mwenyewe. Mdogo wangu alijua tu kwamba Mama aliwahi kuolewa kabla. Sababu ya kuachwa hakuijua.

Aliyemtuliza Mama siku zile ni jirani yetu wa mlango wa pili, muuguzi kutoka Kenya, na alimtuliza kwa makosa. Alipita jioni kuchukua sahani yake, Mama akamuuliza hizo kura za maoni ni kitu gani.

"Kura ya maoni? Hiyo si kura, Mama," alijibu bila wasiwasi. "Ni wale watu hupiga simu kuuliza-uliza nani atashinda. Mimi wakinipigia hukata."

Mama akashusha pumzi. Nikajaribu kusema kwamba kwetu kura za maoni ni kura hasa, zile chama kinapochagua mgombea wake, lakini aliniambia nimwache mwenye kujua azungumze. Wiki ile nyumba ilikuwa na raha. Alikaanga bajia, akanitania nywele zangu, akamwombea dua muuguzi wa watu.

Jumamosi muuguzi akarudi, safari hii ametazama televisheni. "Mama, sasa ndiyo nimeelewa! Kumbe nyinyi mnaita kura za maoni, sisi tunaita mchujo. Kila chama kinachuja watu wake mpaka abaki mmoja, halafu ndiyo wanaenda uchaguzi wa rais wenyewe."

Mama alitazama kichujio chake kilichotundikwa juu ya sinki. "Kwa hiyo ni kura."

"Ni kura kabisa."

Raha ikaisha. Simu za Jumapili zikawa za kila siku, na zote ni maagizo. Mwambie mumeo umebadilisha. Mwambie uliandika kwa kukosea. Kura ni siri, mwanangu, hata anayelala ubavuni mwako usimwambie.

"Siri gani tena, Mama?" mdogo wangu alimwambia. "Vibao viko nje, kila mpita njia anaviona. Chake kulia, changu kushoto."

Akatuma picha. Nyumba ya mbao yenye baraza, majani yamekatwa vizuri, na mbele yake vibao viwili, kila kimoja na mgombea wake. Mimi nilicheka, nikaona hawa watoto wana raha zao. Mama alivaa miwani, akauliza kama nyumba ni moja kweli, nikamwambia ni moja. Aliitazama muda mrefu sana. Nilipotaka kumpigia mdogo wangu nimweleze kisa chote, alinikamata mkono.

"Usimtie hofu mwenzio. Anampenda mumewe."

Nilikasirika, si naye. Nilimkasirikia yule bwana wa Unguja ambaye sura yake siijui, aliyefunga shuka lile na kumrejesha Mama kwao, akatuachia woga mpaka jikoni kwetu.

Mchujo ukapita, kiangazi kikapita. Kila mdogo wangu aliposimulia wanavyobishana wakati wa kula, Mama hakuuliza wamebishania nini. Aliuliza mumewe alikuwa na sauti gani, na kama chakula alikimaliza. Siku ya kura ya rais alishinda juu ya msala akiomba dua, mimi nikashinda kwenye habari. Asubuhi yake matokeo ya jimbo lile yakatangazwa: mgombea wa mdogo wangu alikuwa ameshinda, kwa tofauti ndogo ya kura. Nilimpelekea Mama habari nikidhani atafurahi. Uso ulimbadilika, maana aliyeshindwa ni mume, na talaka iko mkononi mwa mume.

Saa tano kwetu, kwao alfajiri, aliichukua simu akapiga mwenyewe. Hakuuliza habari za rais.

"Umelala wapi?"

"Kwangu, Mama. Nilale wapi tena?"

"Na mumeo?"

"Yuko hapa, anachemsha chai. Kanuna kidogo."

"Mpe simu."

Nilimsikia mkwe wetu akiamkia, sauti nzito ya usingizi. Mama akampa pole ya kushindwa, naye akashukuru, akasema vibao ameving'oa vyote viwili, cha mke wake amekiweka gereji maana hataki kitupwe. Mama akasema, kwa heshima kabisa, kama anayezungumza na mtu aliyemzidi umri:

"Ahsante, mwanangu, kwa kutomwacha."

"Nimwache kwa nini, Mama?"

Aliiweka simu mezani bila kuikata, akanigeukia huku machozi yanamtoka waziwazi.

"Ananiuliza amwache kwa nini," aliniambia. "Mwambie. Mimi sijui."