Mchora Hina na Darasa la Vita

Nasma wa mtaa wa Mabawa aliijua mikono ya wanawake wa Tanga kuliko sura zao. Akiitwa sokoni na mtu mwenye bashasha, macho yake yalishuka kwanza viganjani, ndipo akakumbuka: huyu ana kovu la kisu chini ya kidole gumba, ndoa yake ilifungwa mtaa wa Usagara, mama yake alilia hadi wanja ukamchafua mashavu.

Kazi ya hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, inataka subira ya watu wawili. Bibi harusi anakaa mkekani mikono imenyooshwa, hawezi kujikuna pua wala kushika kikombe. Mchoraji anainama mpaka kiuno kinamsahau. Zamani Nasma alikuwa akichora huku akisikiliza taarabu kwa sikio moja, waya wa visikizi vya simu umepita chini ya mtandio. Baadaye taarabu ikampisha mzee mmoja aliyekuwa akikohoa.

Ilianza kwa bahati tu. Nasma aliishia kidato cha nne, na wateja wake wengine, wageni wa hotelini, walikuwa wakimwongelesha Kiingereza naye akajibu kwa kucheka. Akaona aibu. Akatafuta masomo ya lugha kwenye simu, akaangukia mihadhara ya sauti ya chuo kimoja cha ng'ambo, iliyotolewa bure kwa yeyote mwenye masikio. Akabonyeza ya kwanza akidhani atafundishwa kuamkia na kuaga. Kumbe mzee yule alikuwa anawauliza wanafunzi wake: kwa nini watu wengi wanamtii mtu mmoja, ilhali wao ni wengi na yeye ni mmoja?

Nasma alikuwa anapepeta mchele. Mikono ikasimama juu ya ungo.

Hakuelewa hata nusu ya yaliyofuata. Lakini swali lilimkaa. Alirudia somo lile mara nyingi, na maneno yaliyomshinda alimpelekea jirani yake Daniel, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alimfasiria juu ya ukuta wa ua huku akianua nguo. Neno moja lilimsumbua sana, na Daniel alipomwambia kwamba maana yake ni ridhaa, Nasma alishtuka.

"Ridhaa hii hii ya nikaha?"

"Hiyo hiyo," Daniel akasema. "Mwalimu wako anasema watawaliwa wameridhia kutawaliwa. Anayeishi katika nchi, anayepita barabara zake na kunyamaza, anahesabiwa ameridhia."

Nasma alirudi ndani akiwa na fikra nyingi. Alikwisha kukaa na mabiharusi wengi walipoletewa swali la walii, msimamizi wa ndoa, kwamba anaridhia au haridhii. Wengi walinyamaza, na kunyamaza kwao kukachukuliwa kuwa ndiyo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ameishika mikono yao saa ile. Alikwisha kushika mkono ulionyamaza kwa furaha, na mkono ulionyamaza huku unatetemeka kama wa mwenye homa.

Basi akanogewa. Alipomaliza masomo ya dola na utawala, akaingia masomo ya vita ya chuo kile kile, mwalimu mwingine, mwanamke mwenye sauti kavu. Siku moja, akisuuza masufuria uani, akasikia sauti ile ya mbali inataja Tanga. Ilitamkwa vibaya, lakini ilikuwa Tanga. Mwalimu akasimulia jinsi Waingereza walivyoleta merikebu zimejaa askari kutoka Bara Hindi, wamechafukwa na bahari, wakashushwa pwani ya Raskazone kuja kuwatoa Wajerumani. Walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakiwangoja. Wakaingia mashambani, wakachanganyikiwa, risasi zikapasua mizinga ya nyuki mitini, na nyuki wakawavamia. Walirudi majini mbio, wakaacha bunduki zao mchangani.

Tangu hapo Nasma hakuweza kukaa kimya. Bibi harusi akianza kuguna kwa uchovu, humwambia, "Tulia nikupe vita," akamsimulia mji uliozingirwa hadi watu wakala ngozi za viatu, au jemadari aliyeshindwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amekosea njia. Wanawake walipenda. Mashangazi walisogeza mikeka. Wengine walimwita kwa ajili ya hadithi kuliko hina.

Ndivyo alivyofika Raskazone, nyumbani kwa Bi Ghanima, familia ya watu wa asili ya Omani wenye nyumba pana ya zamani inayotazama bahari. Binti yao Jumana alikuwa anavishwa pete, na harusi ingefuata baada ya wiki chache. Wanawake walijaa sebule ya ndani. Nje, chini ya madirisha yaliyo wazi, wanaume walikuwa barazani wakinywa kahawa.

"Nasma, tupe ile ya nyuki," Bi Ghanima akasema. "Si wanasema ilikuwa hapa hapa?"

Akaisimulia. Na kwa kuwa wanawake walichangamka, akaendelea. Akawaeleza habari ya ridhaa, jinsi mwalimu alivyosema kwamba hata jeshi kubwa halimlazimishi kila mtu mlangoni kwake, kwamba watu hutii zaidi kwa yale wanayoyadhania kuliko yale waliyoyaona. Jumana akauliza, "Na siku wakiacha kudhania?" Wanawake wakacheka. Nasma naye akacheka. Hapo ndipo alipogundua kwamba nje barazani pamekuwa kimya.

Alipotoka na kikapu chake, mgeni mmoja alikuwa amesimama ngazini. Mtu wa makamo, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, saa ya fedha mkononi. Nasma hakuwahi kumwona.

"Umesimulia vizuri," akasema kwa upole. "Nani anakufundisha mambo haya?"

"Hakuna, bwana. Nasikiliza tu kwenye simu."

"Unasikiliza peke yako, au mpo wengi?"

Nasma akahamishia kikapu mkono wa pili. "Peke yangu."

"Na hawa unaowasimulia, huwa wanauliza maswali?"

"Wanacheka tu, bwana."

Mgeni akatikisa kichwa taratibu. "Jina lako kamili nani? Mtaa?"

Akamwambia. Baadaye alijilaumu sana kwamba alimwambia upesi vile, hata jina la babu yake.

Ulikuwa msimu ambao watu walipima maneno kabla ya kuyatoa. Kulisemwa habari za fulani aliyeitwa mahali kujibu maswali, na fulani mwingine ambaye simu yake haikupatikana tena. Labda yalikuwa kweli, labda uvumi. Nasma alimsimulia mumewe Kombo, fundi wa majokofu, walipokuwa wanakula. Kombo akaliacha tonge sahanini.

"Alikuwa nani?"

"Sijui. Bi Ghanima anasema ni mgeni wa mumewe, mzee Humaid. Kazi yake haijui."

"Mtu ambaye kazi yake haijulikani anakuuliza mpo wangapi, nawe unampa jina la ukoo mzima?" Sauti ya Kombo haikupanda. Hilo ndilo lililomtisha Nasma zaidi. "Futa, mke wangu. Futa vyote."

"Ni masomo tu, Kombo. Ni vita vya watu waliokufa zamani."

"Mimi na wewe tunajua. Yeye je? Mtu akikuta kwenye simu ya mwanamke wa Mabawa masomo ya vita na kutotii, atakaa asikilize hadi mwisho ajue ni ya waliokufa?"

Nasma akafuta. Alifuta moja moja, na kila moja simu ilimuuliza kama ana hakika.

Alidhani hofu itaondoka pamoja na masomo. Haikuondoka. Mtu akibisha hodi, alichungulia dirishani kabla ya kuitika. Namba ngeni ikipiga, aliitazama mpaka ikate. Alimwona mwanamume amesimama kwenye duka la mbele akizungumza na simu muda mrefu, akabadilisha njia ya kwenda sokoni, kisha akaja kumjua kuwa ni wakala wa bima. Daniel alipomwita ukutani, "Jirani, leo huna maneno magumu?" alijibu kwa sauti iliyokusudiwa kufika mbali, "Maneno gani? Mie sina maneno." Daniel akamtazama, akachukua nguo zake akaingia ndani. Hakumwita tena.

Kwa mabiharusi alichora kimya. Usagara, mama mmoja aliyemwita makusudi kwa hadithi zake akamwuliza kulikoni.

"Nimezisahau," Nasma akasema.

"Wamekukataza?"

"Hakuna aliyenikataza."

Akaendelea kuchora, lakini mstari wa piko ukampotea, akalazimika kuufuta na kuanza upya. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemkataza. Mtu mmoja alimuuliza maswali machache ngazini, akashika njia yake, na yaliyobaki yote Nasma aliyafanya mwenyewe kwa mikono yake. Yule mzee mwenye kikohozi angelipenda jambo hilo liwe mfano darasani. Wazo hilo halikumpa ushujaa wowote. Lilimtia hofu ya namna nyingine, ya kujiona jinsi alivyo mwepesi wa kutii.

Harusi ya Jumana ikafika. Kombo alimsihi asiende, aseme anaumwa. Nasma akalikunjua buibui lake. Kisha akasema, "Nisipokwenda watauliza kwa nini. Nitawajibu nini?" Akaenda, na ndani ya bajaji alisoma kila dua aliyoijua.

Mgeni alikuwepo. Alikaa mahali pale pale barazani, kanzu nyeupe, saa ya fedha. Nasma alipita ameinamisha kichwa, akatoa salamu, akaitikiwa pamoja na wengine. Ndani akaushika mkono wa Jumana akaanza na kidole cha shahada. Msichana alikuwa anatetemeka kidogo.

"Dada Nasma," akanong'ona, "nipe vita."

"Leo tuchore tu, mwanangu."

Dirisha lilikuwa wazi. Na kutoka nje, kwa upole ule ule, sauti ikaingia: "Ni yule bibi wa hadithi? Bado unasikiliza masomo yako, bibie?"

Sebule nzima ikageuka kumtazama. Kulikuwa na njia rahisi: acheke, ainame, anyamaze, na kila mtu angechukua ukimya wake kwa maana anayoitaka. Nasma aliyajua majibu ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mkono wa Jumana ulikuwa ndani ya mkono wake, na hakuweza tena kujua ni upi kati ya miwili unaotetemeka.

"Nasikiliza," akasema. Ilitoka ndogo mno. Akasema tena, "Ndiyo, bwana. Bado nasikiliza."

Haikuwa kweli hata kidogo. Tangu siku ile ya kufuta hakuwa amesikiliza kitu. Lakini alipolitamka neno hilo alijua kwamba kabla ya jua kuzama atakuwa amelifanya kuwa kweli.

Nje, kikombe kikawekwa kwenye kisahani.

"Vizuri," mgeni akasema. Basi. Hakuongeza neno, na Nasma hakuweza kujua ni vizuri ya namna gani.

Alisimulia siku ile kwa sauti ya chini habari ya ngome iliyotekwa kwa sababu ya mlinzi aliyesinzia. Alikosea majina mawili na hakuna aliyejua. Alipotoka, kiti cha mgeni kilikuwa kitupu. Aliuliza kwa mbali, akaambiwa ameondoka zake kwenda Dar es Salaam. Hata leo hajui alikuwa nani: mtu wa kazi zile za usalama, au mtu mpweke tu aliyependa hadithi. Bi Ghanima alimwita tena kwa ajili ya mpwa wake. Nyumba nyingine mbili za Raskazone hazikumwita tena, wala hazikusema sababu.

Alimwomba Daniel radhi ukutani. Daniel akasema yaliyopita si ndwele, kisha akaanza kucheka kwa sababu alikuwa ameshika sidiria ya mkewe mkononi.

Masomo aliyapakua upya, na sasa yupo kwenye lile la namna majeshi yanavyorudi nyuma. Kombo bado anasema azime simu mlango ukigongwa, na Nasma huzima. Lakini Ijumaa baada ya chakula, mumewe huja kuketi karibu na jiko, anafungua injini ya jokofu juu ya gazeti, na baada ya muda, bila kuinua macho, huuliza, "Haya, leo wanasema nini?" Nasma humpa kisikizi kimoja, kisha anaanza kumfasiria neno kwa neno, polepole, na mlango umefungwa kwa komeo.