Mafuta kwenye Kisu cha Mizani

Juu ya mlango wake Mama Viviane ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HAPA HATUPAKI MAFUTA. Kila wiki mwanamke fulani anaingia, anafungua kitambaa kichwani na kuuliza kama kweli anasuka nywele bila mafuta. Hapana. Mama Viviane hasuki. Anatengeneza mizani, zile za mti wa chuma na sahani mbili. Ni miaka ishirini na nane sasa anazitengeneza hapa Bunia, miaka ishirini na nane anarudia neno lile lile, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia.

Hata nyumbani.

"Kinga iko na mafuta," mume wake Gustave anasema, kinga ndiyo baiskeli yake. "Mashini ya kushona iko na mafuta. Mizani ilikosa nini?"

"Gustave, kula."

Kazi alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mpimaji kwenye depo ya kahawa. Mzee huyo hakumruhusu kugusa kisu, yale makali yaliyo ndani ya mizani, kwa mkono mtupu. Ilikuwa lazima ashike kwa karatasi, kwa sababu hata jasho la kidole, alisema, ni mafuta.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Nadège akafika anahema. Mizani yake ilikuwa mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Nadège anauza makayabu, samaki wa chumvi kutoka Tchomia. Alikimbia Djugu na watoto wanne na sufuria moja, akangoja mwaka mzima mpaka akapata meza sokoni.

"Mama Viviane, banataka kuninyang'anya meza!"

"Nani?"

"Président Anselme na kamati ya soko. Mama Falone wa restora alinunua kwangu kilo tatu, akaenda kupima tena kwa mwingine, akakuta inapunguka. Alilalamika soko yote ikasikia! Saa sita kamati inakuja kujaribu mizani mbele ya batu. Kama inadanganya, meza inapewa mutu mwingine. Leo leo, mama!"

Mama Viviane akasimamisha mizani mezani, akagusa sahani moja kidogo tu. Mizani yenye afya ukiigusa hivyo inacheza. Inapanda, inashuka, mara nane, mara tisa, ndipo sindano yake inatulia katikati. Hii ilishuka mara moja, ikarudi nusu, ikalala. Akaigusa tena. Ikalala mahali pengine.

Akauinua mti na kuugeuza. Katikati yake kuna kisu, kipande cha chuma chenye pembe tatu, na mti wote unasimama juu ya makali yake. Kikiwa safi na kikavu, hata chumvi kidogo inatosha kuusukuma. Kisu cha Nadège hakikuonekana. Palikuwa na uji mweusi unaong'aa, vumbi la barabara na magamba ya samaki ndani yake.

"Nadège."

"Mama."

"Hii ni nini?"

Nadège akaangalia miguu yake. "Mafuta kidogo."

"Mwezi uliopita nilikuambia nini?"

"Ulisema nisipake ya mawese. Nisipake ya moteri. Nisipake ya kujipaka. Sikupaka, mama, haki ya Mungu! Hii ni ya upako. Mchungaji Ephraïm anapitiaka meza zote kubariki biashara. Kila Jumatatu."

Kila Jumatatu! Mama Viviane akakaa chini. Katika maisha yake alishakuta mafuta ya mawese, ya karanga, ya gari, ya ng'ombe. Mara moja alikuta mayonezi, na mwenye mizani akaapa kwamba ni baridi ya usiku iliyoganda. Lakini mafuta ya upako hayakuwamo katika hesabu yake ya upumbavu wa watu.

"Mungu abariki kichwa yako, Nadège. Biashara yako, batoto bako, hata samaki. Lakini kisu haina dhambi! Inaombewa ju ya nini?"

Akafanya kazi huku akinung'unika. Alkoli ya famasi, mswaki, kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kwa maana wembe ungekwaruza makali. Kisu cha katikati, kisha vile viwili vidogo vya pembeni vinavyobeba sahani. Akaosha na sahani zenyewe, akazikausha, akarudisha mti. Sasa sindano ilikuwa inaelekea kidogo kushoto. Akazungusha ile skrubu ndogo iliyo mwisho wa mti, robo, robo tena, akirudi nyuma kila mara ili pumzi yake isiguse. Saa sita kasoro kumi, mizani ikacheza mara tisa na kutulia katikati.

"Sasa usiiguse," akasema. "Na usiiombee."

Walipofika sokoni pamoja, Mama Viviane na kilo yake ya shaba ya kujaribia mfukoni, umati ulikuwa umeshakaa tayari. Mama Falone mbele, mikono kiunoni. Anselme na kofia yake ya président. Na kando yake, akitabasamu kwa upole wote, Mchungaji Ephraïm na kichupa.

"Tutabariki kwanza chombo," Anselme akatangaza.

Kichupa kikaanza kwenda kwenye mti. Mama Viviane hakuwaza. Akaingiza kichwa chake katikati.

"Hapa, Mchungaji! Paka hapa!"

"Wewe?"

"Miye ndiye nimetengeneza. Nibariki miye. Yote!"

Mchungaji alikuwa mtu mwema, akamwaga yote. Mafuta yakashuka kwenye paji la uso, yakaingia machoni, yakafika vidoleni alipojipangusa. Na hapo ndipo Mama Viviane alipokumbuka kwamba jaribio bado. Akatazama mikono yake. Ilikuwa inang'aa kama kikaango.

"Nadège, fanya weye."

"Miye? Sijui!"

"Chukua kilo yangu ile ya shaba, na karatasi. Na karatasi, nimesema! Weka kushoto. Jiwe yako ya kilo, kuume. Gusa kidogo. Hesabu."

Nadège akagusa, akaanza kuhesabu kwa Kifaransa.

"Un... deux... trois..." Kufika sita umati ulikuwa unahesabu naye. "Neuf!" Mara tisa. Sindano ikatulia katikati.

"Zibadilishe," akaamuru Mama Viviane, jicho moja limefumba. "Ya kushoto kuume. Kama mukono moja ya mizani ni murefu, itaonekana sasa."

Zikabadilishwa. Mara tisa tena. Katikati.

Mama Falone alisogea, akainama, akatafuta kosa, akalikosa. "Basi nipimie kilo mbili," akasema. "Na uniongezee mukia moja, kwa ile ya siku ile."

Nadège alimwongezea mikia miwili. Meza ikabaki yake.

"Munaona, batu?" Anselme akapaza sauti. "Mchungaji alipaka kichwa, mizani ikatii!"

Mama Viviane alifungua kinywa ajibu. Mafuta yakaingia.

Jumatatu asubuhi, alipofungua mlango, akakuta wachuuzi sita wanamngoja chini ya maandishi yake mekundu. Alizikagua mizani zao moja moja. Visu vyote vilikuwa vikavu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na nane. Na kila mchuuzi alikuwa ameshika kichupa cha mafuta.

"Inama kidogo, mama," akasema wa kwanza.